Jibu: Kodi ya mauzo hapa Houston

Ndugu, hujapunjwa, na mashine haijakosea. Umeuliza kwa nini rafu zilikupa jumla ya dola 30, ukapiga asilimia 8.25 ukapata 32.48, lakini risiti inasema 31.32. Ni kwamba Texas haitozi kodi kwenye vyakula vingi vya kupika nyumbani. Mchele wako wa dola 14 umepita bure. Kilichotozwa ni sabuni ya unga ya dola 10 na soda za dola 6: 16 mara 0.0825 ni 1.32. Basi.

Hiyo 8.25 yenyewe ni 6.25 ya jimbo, 1 ya jiji na 1 ya usafiri wa umma. Kodi za mitaa zote pamoja haziruhusiwi kuvuka 2.

Soda na peremende hutozwa, maji ya kunywa hapana. Kuku mbichi hatozwi. Akiwa wa moto, tayari kuliwa, anatozwa. (Ndiyo, kuku huyohuyo!)

Ukitaka kujua bei ya kitu kilichotozwa kabla ya kodi, gawa bei yake yenye kodi kwa 1.0825. Na nguo za watoto, kama si za haraka, subiri wikiendi ya msamaha wa kodi mwezi Agosti: nguo nyingi zilizo chini ya dola 100 hazitozwi.