Moshi wa kiangazi na kipimo cha jua

SWALI: Kiangazi huku Kigoma mapori yanachomwa mpaka milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani. Nasikia kuna wataalamu wanaopima kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, kwa mwanga wa jua tu, bila kuchota hewa. Inawezekanaje? Na huo moshi hauharibu kipimo? – Mwalimu wa fizikia, Ujiji

JIBU: Mwalimu, moshi hausumbui sana. Msumbufu hasa ni wingu.

Kila gesi hufyonza mwanga kwenye urefu wake maalumu wa mawimbi. Spektromita (chombo kinachotenganisha mwanga kwa urefu wa mawimbi yake) ikilenga jua na kuuchambua mwanga wa infraredi kwa uangalifu mkubwa, hujitokeza mistari myeusi. Ya kaboni monoksaidi ipo karibu na mikromita 2.3 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita). Mstari ukizidi kuzama, ujue gesi njiani ni nyingi. (Jua nalo lina kaboni monoksaidi yake, kwa hiyo mistari hiyo lazima itengwe kwanza.)

Ujanja wenyewe uko kwenye oksijeni. Hupimwa papo hapo, kwenye mikromita 1.27, na kiasi chake kinajulikana: asilimia 20.95 ya hewa kavu, uwe Kigoma, Tabora au Ulaya. Ukigawanya gesi unayoitafuta kwa oksijeni, kasoro nyingi zilizozigusa zote mbili hufutana. Ndivyo unavyofanya kazi TCCON, mtandao wa vituo vinavyopima gesi za hewani kwa mwanga wa jua, ulioanza mwaka 2004 kwa kituo cha Park Falls, Wisconsin, Marekani.

Sasa moshi. Unapunguza mwanga, sawa, lakini kina cha mstari hulinganishwa na mwangaza wa pembeni yake palepale, na vyote viwili vimefifia pamoja. Wingu ni habari nyingine: ndani ya chombo kuna kioo kinachosogea, na spektra (mchoro wa mwanga wenye ile mistari) hupatikana kwa hesabu baada ya safari nzima ya kioo hicho. Wingu likikatiza katikati, mwangaza unaruka na hesabu inavurugika. Mrukio mdogo hurekebishwa. Ukiwa mkubwa, kipimo kinatupwa.

Ila usije ukawaambia wanafunzi kwamba namba hiyo ndiyo hewa wanayovuta. Ni wastani wa hewa yote kuanzia ardhini hadi juu kabisa, ukiwemo moshi uliosafiri kutoka mbali. Mama anayepika kwa mkaa chumbani, milango imefungwa, hataonekana humo hata kidogo. Kwake kinahitajika kipimo cha kuweka mlemle ndani.