Je, Mume Wangu Ana Dhambi Akikataa Kulipiza Damu ya Kaka Yake?

SWALI: Shekhe, assalaamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Ujerumani, nimeolewa na Muislamu wa Kosovo, kabila la Waalbania, kutoka milima ya Rugova. Kaka yake aliuawa kijijini, muuaji amefungwa. Sasa ami zake wanamtaka aue mwanamume yeyote wa nyumba ile, na mmoja amemsomea aya ya Suratul Israa. Mume wangu hali, halali. Je, akikataa ana dhambi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, binti yangu. Pole sana kwa msiba. Hana dhambi hata chembe. Dhambi ni kutii.

Huyo ami aliyesoma aya ameikata katikati, na hilo limeniudhi kuliko yote. Mwenyezi Mungu anasema aliyeuawa kwa dhulma, mrithi wake amepewa madaraka, kisha papo hapo anasema: "asipite mpaka katika kuua" (17:33). Wafasiri wameeleza kuwa kupita mpaka ni pamoja na kumuua asiyekuwa muuaji, kama walivyofanya Waarabu wa Jahiliya, zama za kabla ya Uislamu. Madaraka ya mrithi ni kudai haki mbele ya hakimu: kisasi, dia (yaani fidia ya damu), au kusamehe. Si ruhusa ya kuvizia kijana wa watu anapotoka kuchunga. "Wala mbebaji habebi mzigo wa mwingine" (6:164). Huyo kijana amebeba nini?

Wanachokifuata si Qur'ani, ni Kanuni ya Lekë Dukagjini, mila za milima ile zilizokusanywa na padri Shtjefën Gjeçovi na kuchapishwa mwaka 1933. Na hata humo imeandikwa kwamba zamani damu ilimfuata muuaji peke yake; baadaye ndipo ikapanuliwa kwa wanaume wote wa nyumba yake, hata mtoto mchanga kwenye susu. Basi ami zake wameipita hata mila ya wazee wao!

Najua kinachomuuma mumeo. Kule, ambaye hajalipa damu hupewa kahawa kwa kupitishiwa kikombe chini ya goti, mbele ya wanaume wote, ajue amevunjiwa heshima. Hilo ni zito kwa mwanamume. Lakini mwambie habari ya Hija ya Kuaga, hija ya mwisho ya Mtume. Mtume (s.a.w.) alipozifuta damu za Jahiliya alianza na ya nyumbani kwake: ya mtoto wa binamu yake Rabia bin al-Harith, aliyekuwa akinyonyeshwa kwa kabila la Bani Saad, kisha watu wa kabila la Hudhail wakamuua. Nani atathubutu kumwita Mtume mwoga?

Na wenzake wamewahi kuliweza. Mwaka 1990 wanafunzi pamoja na Profesa Anton Çetta walipita nyumba kwa nyumba Kosovo wakiomba damu zisamehewe. Tarehe 1 Mei umati mkubwa ukakusanyika mahali paitwapo Verrat e Llukës, huko huko Kosovo, na wenye kudai damu wakasamehe hadharani. Waliokuwepo bado wapo vijijini. Atafute mmoja wao, amwombe imamu wa kwao, waende wote kwa ami zake. Asiende peke yake, wala asijibizane nao kwa simu usiku.

Wewe usimsukume asamehe leo. Kuacha kuua ni wajibu. Kusamehe ni fadhila, na moyo una wakati wake. Mhimize ale. Watoto wasisikie mazungumzo ya ami zao. Akisikia wamepanga kumtuma kijana mwingine, atoe taarifa polisi haraka. Huko si kuisaliti familia.

Wallahu aalam.