Je, wazee wanaruhusiwa kusuluhisha kesi ya ubakaji?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nakuandikia kutoka Rujewa, Mbarali. Mtoto wa marehemu kaka yangu, binti wa miaka 13, amebakwa Jumapili na jamaa yetu wa ukoo aliyekuja kutusaidia kuvuna. Wazee wamekaa, wakaleta magunia mawili ya mpunga na laki tatu. Wanasema "sulhu ni kheri", na kwenda polisi ni kumfedhehesha Muislamu mwenzetu. Mmoja ameuliza mashahidi wanne wako wapi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam, dada yangu. Nilikupigia simu papo hapo kwa sababu hospitali haingojei fatwa: dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu tangu tukio. Haya nayaandika kwa ajili ya wale wazee.

"Sulhu ni kheri" ni aya kweli, Suratun Nisaa 128, ila inazungumzia mke anayehofia kutupwa na mumewe. Na Mtume (s.a.w.) ameiwekea sulhu mpaka: inajuzu baina ya Waislamu isipokuwa inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Sasa mpunga ule unalipia nini kama si kimya cha yatima? Haki ni yake, na sijasikia kama kuna aliyemuuliza.

Nami sijitoi. Zamani niliitwa kwenye kikao cha namna hiyo. Tukanywa chai, tukasoma Fatiha, tukatawanyika. Binti alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba. Niliona vidole vyake vya miguu. Hakuna aliyemwita, hata mimi.

Mashahidi wanne wa Suratun Nur wanadaiwa kwa anayemsingizia mwanamke mwema zinaa. Aliyebakwa hasingizii mtu, anashitaki dhuluma. Abu Daud amepokea kisa cha mwanamke aliyevamiwa akienda kuswali. Mtume alimwambia aende zake, Mwenyezi Mungu amemsamehe. Binti yenu hana dhambi, hana kafara, na asiambiwe atubu.

Ama kumsitiri Muislamu, stara si ya mtu anayeweza kurudia mavuno yajayo kwa mtoto mwingine. Mtume alipoulizwa vipi ndugu dhalimu anasaidiwa, alisema: kwa kumzuia.

Basi nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, mpewe PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali. Nguo alizovaa zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi, si nailoni. Kanuni ya Adhabu inampa mbakaji miaka isiyopungua 30 jela, na mtoto akiwa chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Mahakama ikiridhika kuwa binti anasema kweli, ushahidi wake peke yake unaweza kutosha. Kesi nyingi hufia njiani kwa sababu ndugu hawatokei kutoa ushahidi, kwa hiyo wewe shangazi ukiitwa, nenda, hata kama ni msimu wa kupanda.

Na yale magunia msiyafungue. Mwambie mpelelezi nani aliyaleta, na lini.