Nikope mbuzi wa shukrani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mwanangu alilazwa wiki tatu, sasa amepona na amerudi shule. Mama mkwe anasema lazima tupeleke mbuzi kanisani, la sivyo ugonjwa utarudi. Mimi nina mayai na ndizi tu. Je, nikope 150,000 kwenye kikoba, riba asilimia 10 kwa mwezi, nirejeshe zote baada ya miezi mitatu?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Amina, mama, na pole kwa kuuguza. Usikope. Riba peke yake ni 45,000, na hiyo haifiki kwenye kapu la sadaka.

Tatizo kubwa zaidi ni hilo "la sivyo". Katika Luka 17 walitakaswa wakoma kumi, akarudi mmoja, tena Msamaria. Yesu akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Swali lina uchungu, ila hakuna mstari unaosema ukoma uliwarudia. Anayetoa ili ugonjwa usirudi analipa hela ya sungusungu, yaani ya ulinzi, bado hajashukuru. Paulo naye, 2 Wakorintho 9:7, hataki utoaji wa huzuni wala wa lazima.

Sadaka ya shukrani ya Walawi 7 ilikuwa na mlo ndani yake: mikate, na nyama iliyopaswa kuliwa siku ileile, isilale. Mnyama mzima hamalizwi na baba, mama na watoto wawili. Ilibidi waitwe wengine. Hata uhuru anaousema Paulo katika Wagalatia 5:13 ni wa namna hiyo, wa kutumikiana.

Basi mkungu mmoja upeleke Jumapili kwenye mnada baada ya ibada. Ukate Jumamosi ukiwa umekomaa lakini mbichi. Ulioiva hupondeka kwenye bodaboda na bei inaanguka. Mwone mzee wa kanisa mapema, na kwenye bahasha andika jambo lenyewe, "mtoto ametoka wodini", si "kwa mema yote". Mayai yabaki nyumbani: pika, uwaite waliokuletea uji hospitali. Hao mara nyingi husahaulika.

Mama mkwe akiuliza mbuzi, msomee kwa upole Luka 2:24. Yosefu na Mariamu walipeleka ndege wawili, kiwango ambacho Walawi 12:8 inampa asiyemudu mwana-kondoo. Ile ilikuwa sadaka ya utakaso, lakini kipimo cha uwezo ni kilekile.

Kama uliweka nadhiri ya mbuzi ukiwa wodini, hilo ni jambo jingine. Mwone mchungaji wako kabla ya mwekahazina wa kikoba. Hata katika Walawi 27:8 kuhani alimkadiria maskini mwenye nadhiri kwa kadiri ya uwezo wake.