Kozi za jioni hazipati watu? Anzeni na fomu

Ndugu yangu, umesema mmepewa kazi ya kuvutia watu wazima kwenye kozi fupi za chuo chenu hapa Nairobi, mabango mmebandika, na darasa la watu thelathini limepata saba. Pole. Ila nadhani mabango siyo shida.

Hebu ishike ile fomu ya kujiunga uisome kama mama wa miaka sitini. Mwaka jana nilimsaidia shangazi kujaza fomu ya chuo fulani. Kisanduku cha tatu kilidai alama ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Mtihani huo ulianza 1989, naye alimaliza kidato cha nne kabla ya hapo! Akaikunja fomu, akaitia mkobani, na hadi leo imo humo. Kisanduku kama hicho kiondoeni, muulize mtu amefanya kazi gani.

Kisha saa. Darasa likiisha saa tatu usiku, anayekwenda Rongai au Githurai anawaza matatu, hamsikii mwalimu, na mvua ikinyesha nauli inapanda. Jumamosi asubuhi ni afadhali. Karo nayo ilipwe kidogo kidogo kwa M-Pesa.

Halafu tokeni ofisini. Nendeni Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, kwenye vyama vya akina mama, makanisani baada ya ibada. Mpelekeni mwanafunzi mwenyewe, yule mwenye mvi, azungumze. (Tafadhali msimtume mkuu wa idara na hotuba yake.) Na hao saba mlio nao, mmewauliza walisikia wapi?