Kwa unayetaka kurudi ulingoni na miaka 35: usiuze hiyo pikipiki

Usisaini. Naanzia hapo kwa sababu najua uzi huu utafika ukurasa wa sita watu wakibishana Tyson na Ali nani mkali, na wewe huko ulipo utakuwa umeshasaini.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Una miaka 35, unakaa Sakina, Arusha, ulicheza ngumi za ridhaa ukaacha ukiwa na 24, na tangu hapo unapakia kokoto. Una kilo 104. Promota kakwambia bondia wa uzito wa juu anafika kileleni kuanzia 35 kwenda 40, kakupa pambano la raundi nane baada ya wiki tano, na unataka kuuza bodaboda uingie kambini. Unauliza kama hilo la umri ni kweli, ununue glovu za aunsi ngapi, usiku uache ugali au uendelee nao, na leseni inachukua muda gani kutoka.

Mimi nilikuwa na 36 niliporudi ulingoni. Niko Moshi, Majengo. Nilikuwa na kilo 101 na mashine ya kusaga pale Kiborloni. Leo nina kilo 96 na mashine sina.

Promota wangu alikuja na hadithi hiyohiyo ya kwako, ila yeye alikuwa fundi zaidi wa maneno. Alinikuta kilabuni Jumapili baada ya misa, akanyooshea kidole kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, niliyoshika, akasema, "Meku, bondia mzito ni kama hii mbege, isipolala haiivi." Nikacheka, nikamnunulia na yeye kata moja. Mtoto wa Kibosho mzima, nikasahau kitu nilichokijua kabla sijajua kusoma: mbege ikipitiliza siku zake inakuwa siki, unamwaga.

Halafu akatoa simu akanionyesha George Foreman, bondia mzito wa Marekani. Najua na wewe umeonyeshwa, wote wanaonyesha hiyohiyo. Novemba 1994, Las Vegas, mzee wa miaka 45 anamlaza Michael Moorer, kijana wa 26, raundi ya kumi, anachukua ubingwa wa dunia. Niliiangalia ile video nikiwa kazini, nikiwa kitandani, mpaka mama Brayo akauliza huyo kipara ni ndugu yako wa upande gani.

Sasa kaangalie raundi tisa za mwanzo, zile wasizokuonyesha. Foreman anakula jebu, zile ngumi za mkono wa mbele, kama mtu anayenyeshewa mvua, na kwenye kadi za majaji yuko nyuma. Tena hakuitwa wiki tano kabla. Aliacha 1977, akakaa miaka kumi anahubiri, akarudi 1987, akashinda mapambano 24 mfululizo, mengi dhidi ya watu wa kawaida tu, ndipo 1991 akapewa bingwa wa wakati huo, Evander Holyfield, akashindwa kwa pointi. Mkanda ulikuja miaka mitatu baada ya hapo. Jumla ni miaka saba na ushee ya kujipanga. Alipokuwa na umri wako huu wa 35 hakuwa hata ulingoni, alikuwa madhabahuni!

Utasema na wewe umepumzika miaka 11. Sawa, lakini yeye alienda kupumzika akiwa ameshamwangusha bingwa Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Mimi na wewe tulienda kupumzika tukiwa tumemwangusha nani?

Jibu la swali lako la umri ni hili, kwa nilivyoona na nilivyolipia. Wazito wengi wanakuwa kwenye ubora wao kati ya 26 na 33 hivi. Wanaonekana kudumu kwa sababu hawana kilo za kukamua kabla ya pambano, mwendo wao ni wa taratibu, na nguvu ya ngumi ndiyo kitu cha mwisho kuondoka mwilini. Miguu inatangulia. Misuli ile ya kufyatuka ndiyo inayopungua mapema, na ile safari ya kutoka jicho kuona mpaka kichwa kukwepa inakuwa ndefu. Kwa mwepesi hilo linaonekana mara moja. Mzito anaweza kupoteza raundi saba, akapata ngumi moja ya kulia, mkaenda nyumbani mnasema mzee bado yumo. Kwa hiyo wazito hawaivi, wanaficha tu.

Na wewe umeandika mwenyewe kwamba huna urefu na unaingia ndani kwa kichwa, "kama Tyson". Hapo ndipo niliposhusha kikombe cha chai. Tyson alikuwa bingwa akiwa na miaka 20 na akapigwa na Buster Douglas akiwa na 23. Alipofika 35, umri wako huohuo, Lennox Lewis alimlaza raundi ya nane pale Memphis, Juni 2002. Na Lewis alikuwa mkubwa kwake kwa miezi kadhaa! Mkubwa kampiga mdogo, kwa sababu mrefu mwenye jebu anazeekea mbali na ngumi, na mfupi anazeekea katikati yake. Wladimir Klitschko alikaa na mikanda mpaka 39 kwa jebu ndefu na kukumbatia watu. Kuna mchangiaji hapo juu kamtaja Oleksandr Usyk wa Ukraine, kwamba kampiga bingwa mwenzake Tyson Fury akiwa na 37. Ni kweli, ila Usyk ana medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 2012 na hajawahi kuacha ngumi miaka kumi na moja akapakie kokoto. Mchangiaji, wewe kaa pembeni, hapa tunaongea na mtu anayeuza pikipiki.

Sasa nikupe lililonimaliza. Watu wanadhani ni pambano, lakini pambano lilikuwa dogo. Ni sparingi, yale mapigano ya mazoezi.

Niliuza mashine milioni tatu na nusu nikahamia Arusha wiki sita. Kambi, kama utaiita kambi, ilikuwa chumba nyuma ya gereji huko Ngarenaro, na oili ilikuwa inafika mpaka kwenye magodoro. Kocha akasema nina kutu, na kutu haitoki kwa kuruka kamba, inatoka kwa msasa. Msasa wenyewe ulikuwa chalii mmoja wa miaka 22, kilo 99, mikono mirefu kama nguzo za umeme. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, raundi sita kila siku, na hakuna kupigana kwa upole. Piga hesabu. Wiki sita mara siku tatu mara raundi sita ni raundi 108, kujiandaa na pambano la raundi sita.

Wiki ya kwanza nilijisifu, nilikuwa najibu. Wiki ya pili nilianza kusikia mlio sikioni, kama friji ya zamani. Wiki ya tatu nikawa nakunywa dawa za maumivu asubuhi kabla ya chai, na kwa kocha nasema niko freshi. Wiki ya nne nilipanda Kosta kwenda kusalimia nyumbani, nikashuka Boma Ng'ombe, nikaanza kutembea kutafuta Majengo. Nilitembea labda dakika kumi kabla sijashtuka kwamba huu si mji wangu. Nikarudi stendi nikanunua karanga, nikajichekea mwenyewe, nikamwambia konda nimeshuka kuchimba dawa. Sikumwambia mtu mwingine. Mama Brayo amejua leo, anasoma begani kwangu.

Ungeniuliza wakati ule ningekwambia niko kwenye ubora wa maisha yangu. Nilikuwa nimepungua, tumbo limeingia, kwenye kioo naona bondia. Hata Ali alionekana hivyo Oktoba 1980. Alikuwa na miaka 38, kapunguza uzito, kiuno cha kijana, watu wakaamini. Kisha Larry Holmes, mtu aliyewahi kumfanyia yeye sparingi, akampiga raundi kumi mpaka kona yake ikasimamisha. Na Ali huyo ndiye aliyekuwa na tabia ya kuwaacha watu wampige mazoezini ili ajizoeze kuvumilia. Mwaka 1984 ikatangazwa ana maradhi ya Parkinson, akiwa na 42. Kioo kinapima tumbo, kaka, hakipimi kasi ya jicho na mguu.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Yule chalii alikuwa anaandaliwa na promota huyohuyo kwa pambano la kwake Dar es Salaam. Mimi sikuwa nafanyiwa sparingi, mimi ndiye niliyekuwa sparingi. Nilikuwa begi la mazoezi linalojinunulia ubwabwa lenyewe. Huku kwetu wazito ni wachache, ukivuka kilo 91 tu na una meno ya mbele unapigiwa simu, na anayepiga mara nyingi ana kijana wake anayetafutiwa mtu wa kuanguka. Nilivyompigia kumuuliza, akaniambia "biashara, meku". Nilimwombea mabaya ambayo siwezi kuyaandika hapa, msimamizi wa jukwaa atanifungia.

Pambano lenyewe lilikwisha raundi ya pili. Niliiona jebu ikitoka begani. Niliiona kabisa, ningeweza kukuchorea. Nikajiambia sogea kushoto, na mguu ukaniambia subiri kidogo. Ikanipata. Iliyofuata ni ya kulia, na hiyo sikuiona, sina ugomvi nayo, ngumi usiyoiona inampata hata bingwa. Ugomvi wangu uko na ile ya kwanza. Niliahidiwa milioni moja na laki mbili, nikapewa laki nne, na kutoka hapo wakakata gharama za chumba. Chumba cha oili.

Daktari aliniuliza nimepigwa KO, yaani kuangushwa nisiendelee, mara ngapi. Nikasema moja, kifua mbele. Akasema hapana, mara ngapi umeona nyota ukaendelea kupigana? Nikaanza kuhesabu za Ngarenaro, nilipofika ishirini nikaacha, akaacha na yeye kuandika. Akaniambia ubongo hauna hesabu mbili, ya mazoezini na ya ulingoni, zote zinaingia daftari moja.

Kwa hiyo nina sheria moja tu na nitaisema hata kama hukuiuliza. Kabla ya kusaini, kabla ya kuuza hata kofia ya pikipiki, cheza raundi tatu na mtu wa uzito wako mwenye jebu nzuri, mkubaliane hakuna ngumi ya kuumiza, na mtu arekodi kwa simu. Asiwe kocha. Asiwe promota. Awe mtu ambaye pambano lisipokuwepo hapotezi hata mia. Raundi mbili za mwanzo zifute, hizo kila mtu ni kijana. Chukua ya tatu, na kila jebu inapokugusa simamisha video uangalie macho yako. Kama macho yalikuwa kwenye ule mkono, uliuona unakuja, na bado ukakupata, weka alama.

Zikifika tano, huo ndio umri wako, achana na kitambulisho. Tano. Usiniambie ulikuwa umechoka, ndiyo maana nimesema raundi ya tatu. Usiniambie ulikuwa na mafua. Yule kocha wangu alikuwa amerekodi siku moja ya wiki ya pili ili awatumie watu wa Dar wamwone chalii wao, nikaja kuipata baadaye kwenye kundi la WhatsApp. Nilihesabu kumi na moja. Wiki ya pili! Ningeiangalia siku ile ningerudi Kiborloni na hela yote ya mashine mfukoni. Nilikuwa na simu, nilikuwa na bando, nilikuwa naangalia Foreman.

Na zisipofika tano? Basi bado mwambie promota unataka raundi nne, siyo nane, na mpinzani umchague mkiwa wawili. Akikataa umeshajua anamtafutia nani mtu wa kuanguka. Pikipiki usiuze hata hapo.

Kulikuwa na maswali mengine uliuliza, nakumbuka yalikuwa ya maana, moja lilikuwa la chakula sijui. Nikipandisha juu kuyasoma napoteza nilipoandika, na mama Brayo anasema nimeshasema habari ya pikipiki mara nne. Mtanivumilia.

Kama huna mtu wa kushika simu, Jumamosi panda Kosta uje Moshi, kuna ukumbi hapa karibu na nyumbani na kuna dogo mwenye jebu ya kueleweka. Simu nitashika mimi, nauli ya kurudi juu yangu. Usishuke Boma Ng'ombe.