Riwaya yako ikikaa delta, anza na maji kujaa na kupwa

Kama unataka kuandika riwaya ya watu wa delta, kabla hujampa mhusika wako jina tafuta kwanza kalenda ya mwezi, huu wa angani. Mimi sikutafuta, na imenigharimu karibu miezi nane ya kufuta na kuandika upya.

Riwaya yangu iko delta ya Rufiji. Wapenzi wawili wanatoroka saa nne usiku, mbalamwezi kama mchana, mtumbwi unateleza kwenye kijito katikati ya mikoko, yaani hiyo sura niliipenda mpaka nikaikariri. Nilipofika Nyamisati, pale watu wanapopandia boti za kwenda Mafia, nikamsomea mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu zake. Akasikiliza, akacheka, akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wako wamepita wapi, juu ya tope?"

Ndo akanielekeza. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na wakati wa bamvua maji pwani yetu hii yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, kwa hiyo saa nne usiku yameshakupwa, kijito kimebaki tope na mizizi na kaa. Kesho yake yanachelewa kama dakika 50, keshokutwa hivyohivyo, mpaka mwezi ukifika nusu unakuta maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Kitu anachokijua mtoto wa darasa la pili pale, mimi na laptop yangu sikijui.

Nikataka nibadilishe saa tu yaishe. Halafu nikasema hebu niwaache hapohapo kwenye tope nione. Wamekwama, pondo linazama, mbu wanawamaliza, ng'ambo tochi za kaka zake binti zinaonekana ila na wao hawawezi kuvuka, wote wanasubiri maji. Masaa manne. Humo ndani ndo wakagombana, na binti akasema neno ambalo sura 11 nzima nilikuwa namlazimisha aseme na hasemi. Maji yaliporudi hakuna aliyekuwa na haraka tena.

Kwa hiyo mimi siku hizi siandiki tena ile aya ya mandhari ya kufungulia sura, machweo, ndege wanaruka na nini. Nauliza tu maji leo yako wapi na yanamzuia nani. Mama yake binti analima mpunga, na mpunga unakubali kule kwa sababu mto ukishuka na maji mengi unaisukuma chumvi nyuma, basi watu wanafyeka mikoko wanapanda, kaa wanakata miche, wanapanda tena, baada ya miaka michache magugu yanazidi nguvu shamba linahamishwa. Baba yake yeye anaishi kwa kuvua kamba. Na kamba wadogo wanakulia kwenye mikoko ileile mama anayoifyeka! Ugomvi wa nyumba nzima niliupewa bure, nami nilikuwa nimewatungia ugomvi wa mahari (aibu hata kusema).

Utafiti mwingine ujue kuuachia njiani. Nilikuwa na kurasa tisa za Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoishia kwenye delta mwaka 1915, nilizisomea sana na zilikuwa tamu, ila hakuna mtu wangu hata mmoja aliyekuwa anazihitaji. Imebaki sentensi moja.

Na majina. Mji mzima tunasema "mikoko" kama vile ni mti mmoja. Mjenzi anataka mkandaa kwa nguzo, seremala anautaka mkomafi kwa mbao, na anayetembea peku usiku anauogopa mchu kwa vile vizizi vyake vinavyochomoza kwenye tope kama vidole. Mhusika auite mti kwa jinsi anavyoutumia, usimfanye asome kitabu cha botania.

Mwezi uliopita nikarudi kwa mzee na sura mpya. Safari hii hakucheka, alinyamaza mpaka mwisho, nyavu kaziweka pembeni, halafu akauliza kitu kimoja tu, "Na mtumbwi waliufunga kwenye mti gani?"

Nikafungua ukurasa. Nilikuwa nimeandika "mti".